UZI: Jina la mtengeneza filamu mtandaoni, nani akuamini na kwa ushahidi gani?

Kajificheni_Kamera

Assalaamu alaykum jamani. Uzi huu ni wa wanaotengeneza filamu Unguja na Pemba, khasa filamu fupi na za kumbukumbu. Swali ni moja: mtu aliyeko Durban au Berlin, hajapata kukuona wala hamjui jirani yako, atajuaje kuwa wewe ndiye wewe na kazi ni yako? Wengi hujibu kwa kuonyesha idadi ya wafuasi. Wafuasi hununuliwa, na ukurasa wenye wafuasi laki moja huporwa ndani ya nusu saa. Mkuu wa tamasha au mnunuzi wa televisheni hutizama vitu anavyoweza kuvikagua mwenyewe: jina lisilobadilika, anwani iliyo mikononi mwako, faili ghafi zenye tarehe, na ridhaa za watu uliowapiga picha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na filamu ni mali.

Nianze na jina. Sisi tuna majina matatu: lako, la baba na la babu. Fomu za nje zina visanduku viwili, na hapo ndipo mtu anapogawanyika. Leo anajaza jina lake na la baba, kesho lake na la babu, mara Khamis kwa kh, mara Hamisi. Kwenye IMDb, orodha ya mtandaoni ya filamu na watengenezaji wake, anakuwa watu watatu, kila mmoja ana filamu moja, na hakuna anayeonekana mzoefu. Chagua tahajia ya pasipoti, kwa sababu hiyo ndiyo benki itakayolinganisha siku fedha za leseni au tuzo zikiingia. Jina likitofautiana, fedha zinaweza kurudishwa zilikotoka. Tahajia hiyohiyo iende kwenye majina ya mwisho wa filamu, fomu za matamasha, mikataba na usajili wa hakimiliki. Jina la kisanii halina ubaya, lakini mkataba uandike jina kamili kisha "anayejulikana kisanii kama". Aliyekwisha kugawanyika aiombe IMDb iunganishe kurasa zake kabla hajapeleka kazi mpya.

La pili ni anwani. Ukurasa wa mtandao wa kijamii ni nyumba ya kupanga; mwenye nyumba akikufungia mlango hutoki hata na picha ya ukutani. Chukua jina lako la tovuti. Chini ya .tz kuna .co.tz kwa biashara na .me.tz kwa mtu binafsi. Ukurasa mmoja unatosha: jina, orodha ya kazi na mwaka wa kila moja, barua pepe ya jina hilohilo, na viungo vya kurasa zako zote za kweli. Siku akitokea muigaji, watu watakuwa na mahali pa kulinganishia.

Hapo kuna makosa mawili yanayoua. Kwanza, fundi aliyekutengenezea tovuti ameisajili kwa jina lake na barua pepe yake. Mkikosana, jina lako ni lake. Akaunti ya usajili iwe yako, fundi umpe ruhusa ya kufanya kazi tu. La pili ni kusahau kulipia. Jina likipita muda wake na mtu mwengine akalichukua, anapata zaidi ya tovuti. Anafungua barua pepe ya jina hilo, anabonyeza "nimesahau nywila" kwenye kila akaunti uliyoisajili kwa anwani ile, na majibu yote yanamfikia yeye. Lipia miaka kadhaa kwa pamoja, na andika tarehe ya mwisho ukutani.

Chipukizi_Mkoani

Waalaykum salaam kaka Kajificheni. Kwa sisi tunaoanza, Gmail na ukurasa wa Instagram havitoshi kweli? Na huo uporaji wa ndani ya nusu saa unafanywaje ikiwa mtu ana nywila ngumu na namba za uthibitisho?

Fundi_wa_Darajani

Mdogo wangu, Gmail inatosha kwa kuanzia, ila iwe ya kazi peke yake, si ile uliyojisajilia michezo ya simu. Barua pepe ndiyo ufunguo wa milango yote myengine, kwa hiyo ndiyo ya kulindwa kuliko chaneli yenyewe.

Namba za uthibitisho zinazokuja kwa ujumbe wa simu zina udhaifu. Laini inaweza kusajiliwa upya kwenye kadi nyengine kwa hila, na tangu hapo ujumbe unamfikia mwizi. Dalili yake ni simu yako kukosa mtandao ghafla huku wenzako wa kampuni hiyohiyo wanao. Ukiona hivyo nenda kwa kampuni ya simu saa ileile. Tumia programu ya simu inayozalisha namba sita na kuzibadilisha kila sekunde 30. Hiyo haitegemei laini. Misimbo ya dharura, ya kuingilia simu ikipotea, ichapishe kwenye karatasi mbili, moja nyumbani kwako na nyengine kwa ndugu aliye kisiwa cha pili. Usiipige picha ikakaa kwenye simu ileile inayozalisha namba.

Ama uporaji wa haraka, huo hauhitaji nywila kabisa. Ukishaingia kwenye akaunti, kivinjari huhifadhi kijifaili kinachoiambia tovuti "huyu nimeshamkagua, mwacheni". Mwizi akikiiba kijifaili hicho, anaingia kwa mlango uliokwisha kufunguliwa. Machi 2023 chaneli kubwa ya Linus Tech Tips ya Kanada iliporwa kwa njia hii, na wale ni watu wa kompyuta tangu asubuhi mpaka jioni.

Mtego wenyewe huja hivi. Barua ya "mdhamini" imeandikwa vizuri, inataja filamu yako kwa jina, na ina kiungo cha kupakua "mkataba". Ndani ya furushi lililobanwa mna faili lenye alama ya PDF, lakini jina lake linaishia na .scr au .exe, yaani ni programu si waraka. Windows kwa kawaida huficha mwisho wa jina, kwa hiyo unaona "mkataba.pdf" tu. Mara nyingi faili limejazwa takataka likafika mamia ya megabaiti, ili programu za kukagua virusi zishindwe kwa ukubwa wake. Mkataba wa kurasa nne haufiki hata megabaiti moja. Ukiona mkataba wa megabaiti 700, umeshajibiwa.

Kinga zake ni za kazi, si za kununua. Washa mwisho wa majina ya mafaili uonekane. Mashine ya kuhariri isiwe na akaunti ya chaneli iliyofunguliwa. Mikataba isomwe kwenye kifaa chengine. Na usimpe mhariri nywila ya chaneli. YouTube ina ruhusa za meneja na za mhariri, kila mtu anaingia kwa barua pepe yake na unamtoa siku kazi ikiisha.

Kama faili limeshafunguliwa: chomoa intaneti ya mashine ile papo hapo, usiizime kwanza. Chukua kifaa chengine, ingia kwenye barua pepe, toa vifaa vyote vilivyoingia, ndipo ubadilishe nywila. Ukibadilisha kwenye mashine ileile umempa na mpya. Kisha kagua vitu vitatu ambavyo watu husahau: barua pepe ya kurejeshea akaunti, kanuni za kupeleka barua kwengine kimyakimya, na orodha ya wenye ruhusa kwenye chaneli. Mwizi huacha mlango wa nyuma katika kimoja ya hivyo.

Binti_Ole

Yote hayo sawa, lakini mmeanza na uaminifu wa watu wa mbali. Wa karibu ndio wenye uzito zaidi. Mzee wa Micheweni aliyekubali kukaa mbele ya kamera hajui chochote kuhusu nywila zako. Amekuamini wewe kwa uso. Filamu ikiingia mtandaoni, uso unaoonekana duniani ni wake, si wako.

Mpangilio wa ruhusa visiwani una ngazi, na ngazi moja haichukui nafasi ya nyengine. Kibali cha kupiga filamu ni cha Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, yaani BASSFU. Ukifika kijijini unajitambulisha kwa sheha, mkuu wa shehia. Watu wengi husimama hapo, wakadhani sheha akisema ndiyo, shehia nzima imesema ndiyo. Sheha anakuruhusu kuingia na kufanya kazi. Hawezi kumkubalia Bi mkubwa anayeanika karafuu uani kwake.

Ridhaa ya mtu ichukuliwe mara mbili, kwa karatasi na kwa kamera. Karatasi ya Kiswahili, ukurasa mmoja, isomwe kwa sauti hata kama mtu anajua kusoma, kwa sababu macho ya wazee na herufi ndogo havipatani. Asiyetia saini atie dole gumba, na shahidi aandike jina lake pembeni. Kisha washa kamera kabla ya mahojiano, mtu aseme mwenyewe jina lake, kijiji, tarehe, anajua filamu inahusu nini, na anakubali ionyeshwe wapi. Sekunde 40 tu. Klipu hiyo usiihariri wala usiichanganye na picha za kazi. Iweke kwenye folda yake.

Hapo kwenye "wapi" ndipo penye mambo. Tenganisha: kuonyeshwa kijijini, matamasha, televisheni, na mtandaoni bila kikomo. Ukiuliza kwa jumla utaambiwa ndiyo. Ukiuliza moja moja, wengi watakubali matatu ya mwanzo na kusita la nne, na kusita kwao ni jibu. Usiseme "itakuwa YouTube" ukadhani umeeleza. Sema: mtu yeyote mwenye simu, Oman, Mombasa, hata jirani mliyegombana, ataweza kukutizama, kuikata sehemu anayoitaka na kuipeleka kwengine, na mimi sitaweza kuifuta yote. Akikubali baada ya maneno hayo, amekubali kweli.

Harusi ina hukumu yake. Upande wa wanawake watu wamevua buibui kwa sababu wanajua waliomo ndani ni nani. Bibi harusi akikupa ridhaa, amekupa yake tu, hakukupa ya wageni mia walio nyuma yake. Mpiga picha awe mwanamke, msaidizi wa sauti vilevile, na iwekwe kona moja ya chumba inayojulikana kwa wote kuwa haipigwi picha. Tumia lenzi inayoonyesha vizuri aliye karibu tu, nyuma pawe na ukungu. Kuziba nyuso baadaye kwenye kompyuta ni kazi ya siku nyingi, na fremu moja ikiponyoka inatosha kuvunja nyumba.

Kwa watoto, mzazi au mlezi kwa kila mtoto. Barua ya mwalimu mkuu ni ya kuingia skuli, kama ile ya sheha ilivyo ya kuingia kijijini.

Na maneno ya chini ya picha: mtu akisema Kipemba, Kitumbatu au Kimakunduchi, usimsafishe. Kumnyoosha mzee awe msomaji wa habari ni kumnyang'anya utambulisho aliokuja nao. Weka maneno yake kama alivyoyatamka, na Kiswahili sanifu kiwe mstari wa pili kwa wasiofahamu. Kabla ya kufunga hariri, mrudishie aone sehemu yake, umpe siku saba za kusema. Andika alichosema na ulichobadilisha.

Wakili_Vuga

Dada Binti Ole umemaliza, niongeze upande wa sheria kidogo maana hapo juu usajili umetajwa kwa kupita.

Hakimiliki si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya 2003 na ofisi yake ya hakimiliki, COSOZA. Bara ina sheria ya 1999 na COSOTA. Kazi yako ya Wete kuisajili Dar pekee, au kinyume chake, kunaleta maswali yasiyo na haja siku ya ugomvi. Lakini haki haizaliwi na usajili. Tanzania imo katika Mkataba wa Berne, wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, na chini ya mkataba huo haki inaanza pale kazi inapokuwepo. Usajili ni ushahidi mzuri wa tarehe na jina, basi.

Kisicholindwa ni wazo. Ukimwambia mtayarishaji kuwa unataka filamu kuhusu wanawake wavuvi wa pweza wa Jambiani, anaweza kwenda kuitengeneza na huna la kumfanya. Maandishi yako ya wazo hilo, mpangilio wa matukio na mazungumzo, hayo yanalindwa. Kwa hiyo mpelekee kurasa mbili zilizoandikwa vizuri, si stori ya kahawani, na baada ya kikao tuma barua pepe siku hiyohiyo: "Nashukuru kwa kikao cha leo, tulizungumza haya na haya, na nilikuachia muhtasari huu." Barua hiyo fupi ina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Na mwenye mafaili ya hariri si lazima awe mwenye filamu, ila asipofungwa na mkataba anaweza kukuzuilia. Andika kabla ya siku ya kwanza: nani anamiliki picha ghafi, nani anamiliki mradi wa hariri, vinakabidhiwa lini, na jina la kila mtu litasomekaje mwishoni. Ugomvi mwingi wa kundi huanza kwenye hilo la mwisho.

Nai_na_Udi

Kuna jambo la muziki hapa lisiachwe. Mtu anaweka taarab ya zamani chini ya filamu, anaipandisha, na kesho yake anaambiwa sauti si yake. Anahamaki. Watu huchanganya wimbo na rikodi. Mashairi yana mtunzi, tuni ina mwenyewe, na ile rikodi ina aliyeirikodi. Hao watatu mara nyingi ni watu tofauti, na kwenye taarab yetu ndiyo kawaida. Ikhwani Safaa ina historia tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, na rikodi za vikundi hivi zimesambaa. Mtu wa mbali akiweka moja kwenye mfumo wa YouTube kama yake, mfumo unaotambua sauti kwa alama zake utakukamata wewe wa Kikwajuni.

Tofautisha madai na onyo. Madai ya mfumo huchukua mapato au huzuia video. Hayagusi uhai wa chaneli. Unaweza kuyapinga, na mdai ana siku 30 za kujibu. Onyo la hakimiliki ni zito: matatu ndani ya siku 90, chaneli inaweza kufutwa. Onyo hupingwa kwa taarifa rasmi ya kukanusha, na mdai ana siku 10 za kazi kuonyesha kuwa amekwenda mahakamani. Hapo zingatia hili linalogusa mada yetu: taarifa hiyo hupelekwa kwa mdai ikiwa na jina lako kamili na mawasiliano yako. Mwenye filamu nyeti anayejificha nyuma ya jina la kisanii asiibonyeze kabla hajazungumza na mwanasheria awe mwakilishi wake.

Njia iliyo salama ni kurikodi upya. Mpigaji wa udi, wa fidla na wa dumbaki, siku moja ya studio, mkataba wa kurasa mbili na kila mmoja. Hifadhi kila chombo kwenye faili lake, si mchanganyiko peke yake. Rikodi yenye vyombo vilivyotengana ni ya mtu aliyekuwemo studio. Mwizi ana mchanganyiko tu.

Chipukizi_Mkoani

Nashukuru sana wakubwa zangu. Sasa barua za matamasha. Zinakuja "umechaguliwa", "umeingia fainali", na nyengine hata filamu haikupelekwa kwao. Nitajuaje la kweli?

Kajificheni_Kamera

Tamasha la kweli lina ukumbi. ZIFF, tamasha letu la filamu la Zanzibar, linafanyika tangu 1998, na mtu akitaka kuhakikisha anakwenda Ngome Kongwe anakaa kwenye ngazi anatizama filamu na watu wengine. Lile la karatasi lina jina la mji mkubwa, linatoa tuzo kila mwezi, na ukitafuta picha ya watu wamekaa kwenye viti huipati. Uliza mambo manne: filamu za mwaka jana ni zipi, waongozaji wake wanapatikana wapi, majaji ni nani, ukumbi uko mtaa gani. Waandikie waongozaji wawili wa mwaka uliopita, wasipungue wawili, kwa anwani uliyoitafuta mwenyewe, si ile uliyopewa na tamasha. Malipo yanayotakiwa kwa namba ya simu ya mtu, au ada ya "kupokea tuzo", hapo funga barua.

Kipimo kizuri kuliko vyote ni kiungo cha kutizamia. Usitume kiungo kimoja kwa wote. Kila tamasha lipate kiungo chake na nywila yake, kwenye huduma inayokuonyesha mara ngapi kimetizamwa na mpaka dakika ya ngapi. Ukiambiwa umeingia fainali na kiungo kinaonyesha sifuri, hakuna jaji aliyeitizama filamu ile.

Nakala yenyewe ya kutizamia: pikseli 1280 kwa 720, mbano wa H.264, kasi ya megabiti 3 kwa sekunde. Filamu ya dakika 90 inatoka karibu gigabaiti 2, inapanda hata kwa mtandao wa kawaida wa nyumbani. Andika jina la mpokeaji katikati ya picha kwa wino hafifu, uzito wa asilimia 15 hadi 20. Chini ya hapo hausomeki kwenye picha angavu ya pwani, juu ya hapo unamuudhi jaji. Sehemu ya maandishi ihame kila baada ya dakika kadhaa, kwa sababu pembeni hukatwa kirahisi. Hutazuia wizi kabisa. Utajua mlango gani umevuja.

Fundi_wa_Darajani

Sasa faili ghafi, maana ndizo hati ya nyumba. Mwizi anaweza kuwa na filamu iliyokamilika, kionjo, hata bango. Hana dakika 40 za kamera kusubiri wingu lipite, wala sauti yako ukisema "tena".

Kabla ya kutoka nyumbani kagua saa ya kamera. Betri ndogo ya ndani ikifa, saa hurudi mwaka wa kiwandani, na faili zako zote zitasema zilipigwa kabla ya tukio. Iweke saa ya Afrika Mashariki na klipu ya kwanza ya siku ipige skrini ya simu inayoonyesha tarehe na saa.

Hesabu ya nafasi: kamera inayorikodi megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kwa saa. Kadi ya gigabaiti 128 inakupa kama saa mbili na dakika 50. Kadi usiifute mpaka nakala tatu zipo, mbili kwenye diski tofauti na moja nje ya nyumba, ikiwezekana nje ya kisiwa. Usiburute mafaili kwa kipanya ukaamini. Programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, hata ile ya bure, ina kifaa cha kunakili kadi ambacho huhakiki kila faili na kuacha orodha ya alama zake za MD5.

Alama hiyo ni kama dole gumba la faili. Kwa Windows fungua dirisha la amri uandike certutil -hashfile klipu01.mov SHA256, kwa Mac shasum -a 256 klipu01.mov. Utapata herufi na tarakimu 64. Badilisha jina la faili, alama haibadiliki. Badilisha fremu moja, au lihifadhi upya, au lipitishe WhatsApp, alama yote inakuwa nyengine. Orodha ya alama za siku nzima ni maandishi ya kilobaiti chache; itume jioni hiyohiyo kwa barua pepe kwa mtayarishaji na kwa mwanasheria. Baada ya miaka mitano unaonyesha faili, inapigwa alama mbele ya watu, inalingana na barua ya zamani. Hilo linathibitisha kuwa faili lilikuwepo siku ile na halikuguswa. Halithibitishi kuwa wewe ndiye uliyeshika kamera. Kwa hilo ndiyo maana ya kibali, klipu ya ridhaa na mkataba wa kundi.

Diski zetu zina maadui wawili, umeme na chumvi. Mfumo wa kupanga mafaili wa exFAT hauna daftari la kumbukumbu, umeme ukikatika katikati ya kuandika unaweza kupoteza folda nzima. Betri ya akiba ya mezani ni ya lazima. Diski zikae kwenye sanduku linalofunga vizuri na vifuko vya kunyonya unyevu, na ziwashwe kila baada ya miezi michache.

Binti_Ole

Niulize na nijibu mwenyewe juu ya akili mnemba, maana inagusa ridhaa. Sauti ya mzee uliyemrikodi dakika 30 inatosha kabisa kutengenezewa maneno ambayo hakuyasema. Karatasi ya ridhaa iwe na mstari wake: sauti na sura hazitatumika kutengeneza maneno au matendo mapya. Na wewe mwenyewe uufuate, hata pale mzee alipokosea mwaka na ungependa kumsahihisha kwa siri. Weka maandishi chini ya picha.

Kuna na picha za kutengeneza. Jumba la Beit el-Ajaib lilijengwa 1883 zama za Sultan Barghash, na sehemu yake ilianguka tarehe 25 Disemba 2020. Ukiijenga tena kwa kompyuta ikasimama nzima mbele ya Forodhani, mtoto wa Tumbatu ataamini ndivyo ilivyo leo. Andika juu ya picha, muda wote picha ipo, kuwa imetengenezwa. Si kwenye majina ya mwisho ambapo watu wameshainuka.

Zipo kamera zinazotia sahihi picha tangu zinapopigwa, kwa utaratibu wa C2PA ulioanzishwa 2021. Leica ilikuwa ya kwanza kuuza moja, M11-P, mwaka 2023. Ni msaada, ila mitandao mingi huivua sahihi hiyo picha inapopandishwa. Faili la asili ndilo ubaki nalo.

Wakili_Vuga

Na waigaji. Kinachoumiza zaidi ni kurasa zinazotumia jina la mwongozaji kuita vijana wa kike "usaili" na kutoza ada. Ukiona ukurasa wako wa bandia, usianze kugombana nao. Watabadilisha jina na kukuzuia. Kwanza piga picha ya skrini yenye anwani kamili ya ukurasa, tarehe na saa, na mazungumzo ya wahanga kwa ruhusa yao. Kisha ripoti kwa mtandao wenyewe, tangaza kwenye tovuti yako, halafu polisi. Kujifanya mtu mwengine kwa kompyuta ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Na andika wazi kwenye ukurasa wako wa kweli, daima, kuwa usaili hautozwi ada, unafanyika mchana mahali pa wazi, na msichana aje na mtu wake.

Ndani ya kundi kubalianeni neno moja lisiloandikwa popote. Ujumbe wa sauti ukija wa kuhamisha fedha, hata kama ni sauti ya mwongozaji hasa, mtu anapiga simu na kuuliza neno lile.

Chipukizi_Mkoani

La mwisho kwa leo, samahani. Ukumbi unataka filamu kwa DCP yenye kufuli. Hiyo inakuwaje?

Kajificheni_Kamera

DCP ni furushi la picha na sauti kwa mashine za sinema. Ukilifunga, halichezi bila ufunguo uitwao KDM, na ufunguo hutengenezwa kwa mashine moja maalumu na kwa muda maalumu. Ukumbi unakupa cheti cha mashine yao. Ukipewa cha mashine nyengine, ufunguo hautafungua. Omba cheti wiki mbili kabla, na omba ufunguo uanze siku moja kabla ya onyesho ili waufanyie majaribio.

Mdogo wangu, kinachotuangusha sisi ni saa. Ufunguo huhesabiwa kwa UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko saa tatu mbele yake. Tena sisi husema saa mbili usiku, mtu wa maabara akasikia mbili akaandika 02:00. Onyesho la saa mbili usiku Unguja ni 20:00 ya hapa, yaani 17:00 UTC. Andika kwa tarakimu, andika na UTC, na upe nafasi ya saa sita nyuma na mbele.